Chupa Nilizozijazia Nyumbani

Ipo siku moja haijawahi kunitoka kichwani, na haina uhusiano wowote na maji wala chupa. Naanza nayo kwa sababu kila nikikaa kuandika habari hii ndiyo inayotangulia, kama yule mbuzi asiyesubiri mlango ufunguliwe. Nivumilie, mwanangu. Shule niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa nyuma ya ng'ombe. Kupanga maneno kama mwalimu sijui. Nayaweka jinsi yanavyokuja.

Mama yetu alikuwa na ulimi. Sisemi ulimi wa kusengenya, ingawa huo nao hakuukosa, Mungu amrehemu. Nasema ulimi wa kuonja. Jioni tukirudisha ng'ombe, akikamua, alionja maziwa kwanza kabla hajayamimina kwenye kibuyu. Siku hiyo mimi na kaka yangu Boay tulikuwa tumelala kivulini badala ya kuchunga, na ng'ombe wakapitia shamba lililoachwa la Mzee Tippe, ambako kulikuwa na majani fulani machungu. Sisi tuna jina lake, Kiswahili chake sikijui. Tuliwatoa mbio, tukafuta nyayo kwa tawi, tukakubaliana la kusema.

Mama akaonja. Akatema pembeni.

"Leo mmekuwa kwa Tippe."

"Hapana mama, tulikuwa mtoni siku nzima," nikasema mimi. Nilikuwa mwepesi wa kusema.

"Wewe ulikuwa mtoni. Ng'ombe alikuwa kwa Tippe. Basi kesho ng'ombe akuchunge wewe."

Boay alicheka mpaka akakaa chini, na fimbo ikatupata sote wawili, mimi kwa uongo, yeye kwa kicheko. Ndivyo alivyokuwa kaka. Hakuwa mtu wa kudanganya, lakini hakuwa mtu wa kukutia aibu pia. Alisubiri useme mwenyewe. Aliyamaliza madarasa saba. Aliandika barua za kijiji kizima. Mimi nilijua kukamua na kubeba.

Unajiuliza maziwa yanatupeleka wapi. Tunafika.

Miaka mingi baadaye, tukiwa wote tumeoa na tunakaa ng'ambo na ng'ambo ya korongo moja, huku juu upande wa Kansay, katika kitongoji ambacho sitakitaja kwa sababu wenyewe bado wapo, kijiji kiliamua kujenga josho la kuogeshea ng'ombe kwa maji yenye sumu ya kupe. Kupe walikuwa wametumaliza. Ndama akizaliwa unamhurumia kabla hujamfurahia. Pazuri palikuwa mahali pamoja tu: juu kwenye tambarare, karibu na lile shimo ambamo kijito cha masika huingia na kupotea. Hakuna aliyejua kinakokwenda. Wazee walisema kinakwenda Ziwa Eyasi. Wengine walisema hakiendi popote, ardhi inakinywa. Na chini kabisa, chini ya mteremko, ndipo ilipokuwa chemchemi yetu, ambayo watu wote wa vitongoji vitatu walikunywa, na watoto, na ng'ombe.

Akaja mtaalamu wa maji. Tulimwita Bwana Maji, na naendelea kumwita hivyo. Mtu mfupi, mpole, viatu vimeliwa upande. Aliwahi kufanya kazi nchi za watu, kwenye visima vya mafuta. Alitueleza mkutanoni, tukiwa tumekaa kwenye majani.

"Kule kwenye mafuta," alisema, "wanasukuma maji chini kwa kisima kimoja ili yasukume mafuta yatokee kisima kingine. Sasa maji ni mjanja. Chini kule kuna mipasuko, humwoni anapita wapi. Kwa hiyo tunamtia alama. Tunaweka dawa kidogo, haina rangi wala harufu, haimdhuru mtu, halafu tunakaa kwenye visima vingine tunachota, tunapima. Dawa ikitokea, tumejua njia. Nyie si mnakata masikio ya ng'ombe mpate kuwajua? Basi ndiyo hiyo hiyo."

"Na maji yakitoroka na sikio lake?" akauliza mzee mmoja, watu wakacheka.

"Hayatoroki, mzee. Yanachelewa tu."

Akasema ataimwaga dawa yake kwenye shimo, kisha achotewe maji ya chemchemi asubuhi, mchana na jioni, kwa siku kumi na mbili. Kila chupa na siku yake, kila chupa na saa yake. Alama ikitokea chemchemini, josho halitajengwa pale. Isipotokea, jengeni. Akatafuta mtu wa kuchota. Watu wote walimtazama Boay, maana ndiye mwenye kalamu. Bwana Maji akaninyooshea mimi kidole.

"Huyu anakaa karibu na chemchemi. Unajua namba?"

"Mpaka mia," nikasema.

"Zinatosha."

Nilitembea kama jogoo siku hiyo, mwanangu. Sikuwahi kuchaguliwa mbele ya kaka. Naye alinipiga begani, akasema, "Mheshimiwa mchota maji, usitusahau." Nikacheka kwa mdomo. Moyoni nilisema, safari hii utaniita mheshimiwa kwa kweli.

Bwana Maji akamwaga dawa, akapanda gari kwenda Wasso kwa kazi nyingine, akaniachia kreti za chupa na karatasi za kubandika. Siku nne nilifanya kazi vizuri. Nazisema kwa sababu ndizo siku pekee katika habari hii ninazoweza kuzitazama. Alfajiri nikishuka, umande mpaka magotini, nachota, nafunga, nabandika. Mchana vilevile. Jioni vilevile. Wanawake chemchemini walinitania. "Shemeji, leo unatubebea na sisi?" Nawaambia hii ni kazi ya serikali, tafadhali msiniguse.

Siku ya tano asubuhi mtoto wetu akafa. Alikuwa na miezi minne. Homa ilianza usiku, na asubuhi hakuwepo. Sitaandika zaidi hapo.

Sasa lazima nikueleze jambo ambalo ninyi wa leo mnalisikia kama hadithi. Kwetu Wairaqw, zamani, na nyumba chache mpaka sasa, ukifiwa na mtoto anayenyonya, wewe na mkeo mnakaa metimani. Mnakaa peke yenu ndani ya ua wenu. Humwendei mtu, huendi sokoni wala kwenye pombe, ng'ombe wako hawachanganyiki na wa wenzako. Zaidi ya yote, huikaribii chemchemi. Chemchemi ni ya wote na ina wenyewe waliomo ndani yake. Ukiipelekea kifo chako, unakigawa kwa kijiji kizima. Mnakaa hivyo mpaka wazee waseme basi. Padri alitukataza. Baba mkwe akasema padri ana kanisa, hana chemchemi. Nasi tulibatizwa, lakini tulikaa.

Kwa hiyo nilikuwa ndani ya ua, mke wangu amegeukia ukutani, na kreti zimebaki na chupa tupu za siku nane.

Jioni Boay alikuja. Alisimama nje ya ua, mbali, kama inavyotakiwa, akapaza sauti.

"Mdogo wangu! Pole!"

"Tumepoa."

"Mama wa nyumba anakula?"

"Hali."

Kisha akasema, "Zile chupa je? Ziweke kwenye njia. Nitachota mimi, nitaandika kila kitu sawasawa."

Mwanangu, hapo ndipo palipokuwa na mlango, nao ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mtu aliyenipenda. Nilichofikiri ni nini? Nilifikiri, Bwana Maji atarudi, ataona mwandiko mzuri wa kaka kwenye chupa, atasema kumbe huyu ndiye. Nilikuwa nimemzika mwanangu asubuhi hiyo, na bado nilikuwa na nafasi ya wivu. Moyo wa mtu una vyumba vingi, hata msiba haujazi vyote.

"Nimeshamaliza!" nikapaza sauti. "Bwana Maji alibadilisha. Alisema siku nne zinatosha."

"Kweli?"

"Kweli, kaka. Nenda."

Akaenda.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa la bati. Mke wangu alilijaza maji ya chemchemi kabla mtoto hajaugua, kabla hata dawa haijamwagwa shimoni. Nikajiambia, maji ya chemchemi ni maji ya chemchemi. Leo, jana, juzi, tofauti iko wapi? Mimi, mtoto wa mama aliyeonja maziwa ya jioni akajua ng'ombe alipopita mchana! Nikachovya chupa moja, nikaifunga, nikabandika siku ya tano, asubuhi. Nikachovya nyingine. Nilizijaza zote kwa mkao mmoja, mpaka siku ya kumi na mbili jioni, siku ambazo zilikuwa hazijafika. Nilikuwa mtu wa kwanza kijijini kuchota maji ya wiki ijayo.

Bwana Maji aliporudi walimwambia nina msiba na kwangu hakuingiliki. Akasimama pale pale aliposimama kaka.

"Pole sana, ndugu yangu. Hawakuniambia. Ningejua nisingekuacha na kazi hii."

"Kazi nimeifanya."

"Hukukosa hata moja?"

"Hata moja."

Alizitazama zile kreti nilizoziweka njiani, zimepangwa vizuri, kisha akanitazama mimi na shuka langu kichwani. Nikaona macho yake yamelowa. "Ahsante," akasema. "Wengine wangeacha." Akazibeba mwenyewe, mbili mbili, mpaka kwenye gari.

Ilipofika barua kutoka maabara tulikuwa tumeshatolewa metimani, kwa hiyo nilikuwepo mkutanoni. Boay ndiye aliyeisoma. Alama haikuonekana katika chupa hata moja. Maji ya shimo hayafiki chemchemini. Watu walipiga makofi, mwenyekiti akasema kupe kwaheri. Mimi niliinua mkono. Nauinua hapa ninapoandika, uone ulivyokuwa: ulifika usawa wa sikio. Mwenyekiti akaniona.

"Una neno?"

Nikajikuna kichwa. "Hapana, mwenyekiti. Kupe."

Wakacheka sana. Na mimi nilicheka.

Tukajenga josho. Nilibeba mawe kuliko mtu yeyote. Waliniona mwenye bidii. Ng'ombe walipendeza, ndama walikua, watu wakaezeka nyumba bati, na kwa mwaka na kitu nilianza kuamini kwamba Mungu amenisamehe bila kuniuliza. Mficha maradhi kifo humwumbua. Nilikuwa nausema msemo huo kwa watu wengine.

Masika ya pili josho lilijaa tope. Likatakiwa kumwagwa lote lisafishwe. Wakachimba mfereji mfupi, hatua chache tu, mpaka kwenye shimo, wakayaachia maji yale ya sumu yaende. Nani angewakataza? Walikuwa na barua.

Zilipita siku saba. Siku ya nane ilikuwa Jumapili. Paulina, binti mkubwa wa Boay, alikuwa na miaka sita. Alipenda kuwahi chemchemini kabla ng'ombe hawajavuruga, achote, anywe kwa kiganja, ajaze kidumu chake cha lita tatu, arudi avae gauni la kanisani. Alirudi bila kidumu. Alikuwa anatoka udende kama ndama na anasema haoni vizuri. Boay alimpakata akakimbia naye mpaka barabarani, akasimamisha lori la vitunguu linalotoka bondeni. Dereva aliwapa nafasi mbele. Hawakuifikia Karatu mjini. Dereva aligeuza lori zima na mzigo wake akamrudisha kaka, na maiti mikononi, mpaka njia panda yetu, mtu ambaye hatukumjua.

Wengine waliumwa wakapona. Mbuzi walikufa, ndama walikufa, mzee mmoja wa kitongoji cha chini alibaki na mikono ya kutetemeka. Chemchemi ikazungushiwa miiba, na wanawake wakaanza kufuata maji mbali kwa punda, wanakokwenda mpaka leo. Lakini nikikuambia juu ya hao wote nakudanganya tena, maana mimi nilikuwa naona mmoja tu.

Bwana Maji alirudi, na safari hii alikuja na dawa yenye rangi. Akaimwaga shimoni mbele ya watu wote. Tukangoja. Siku ya nane mchana chemchemi ilitoka kijani. Kijani cha kung'aa, mwanangu, kama kitu kisicho cha dunia hii, inabubujika kimya kimya kati ya mawe tuliyokuwa tunafulia. Wanawake walilia upya. Yeye hakulia. Alinitafuta kwa macho, akanivuta pembeni.

"Siku ya nane," akasema polepole. "Chupa zako za siku ya nane. Ulichota wapi?"

"Hapo hapo."

"Tafadhali. Sikupeleki popote. Nataka tu kujua nilikosea wapi."

"Hapo hapo chemchemini."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoiweza. "Basi nilipima vibaya mimi," akasema. Nilisikia baadaye aliachishwa kazi. Alibeba na hilo, kama alivyobeba zile kreti.

Sasa hapa nasimama kidogo. Wazee wetu humaliza kwa nasaha na baraka, lakini mimi nakupa kabla ya mwisho, kwa sababu nikishaandika mwisho huwa siwezi kusema kitu.

Nimesikia wamefika watu wa kutafuta mafuta huko bondeni upande wa Eyasi, na vijana wetu mnaandikishwa kuchota maji ya visima kwenye chupa, asubuhi na jioni. Nilipoambiwa, sikulala. Kazi ile inaonekana ya kijinga. Unachota maji yanayofanana na maji. Nakuomba, mwanangu: mtu akikutuma ukaone, nenda ukaone. Ukishindwa kwenda, sema sikwenda. Aliyekutuma ana njia ya kuishi na pengo. Hana njia ya kuishi na kitu ulichozibia pengo hilo. Na mila ikikufunga miguu, usiionee haya mbele ya msomi. Mimi sikukosea kukaa metimani. Yakinikuta tena leo, nitakaa. Nilikosea kuogopa kutamka neno moja, metimani, kwa mtu ambaye angenielewa, na kumwogopa kaka asije akafanya vizuri kuliko mimi. Ukiona mtu wa damu yako anakuombea mzigo wako, mpe. Uchungu wa kupitwa unaisha kabla ya mavuno. Na uongo ukishautoa, uwahi kuurudisha ungali mdogo. Mimi nilipewa milango minne ya kuurudisha. Ihesabu mwenyewe humu ndani, utaiona.

Mvua ikunyeshee polepole. Ngwara zako, maharage yetu ya huku, zizae mpaka uombe msaada wa kuvuna. Watoto wako wanywe maji na wakue. Ukisema ndiyo, watu wajenge juu ya ndiyo yako na isiwaangushe. Ukienda upande wa mafuta urudi na miguu yako miwili na jina lako. Yaliyo machungu yaende machweo, yaliyo matamu yabaki hapa.

Basi. Nimalizie.

Nilimwambia Boay mwaka mmoja baada ya kumzika Paulina. Sijui kwa nini siku ile. Alikuwa anapalilia ngwara shambani kwake, asubuhi ya baridi, sweta lake amelitundika kwenye ua. Nilivuka korongo nikasimama kwenye tuta la mwisho.

"Kaka, zile chupa sikuzichota chemchemini."

Aliendelea kulima, majembe mawili, matatu. "Zote?"

"Kuanzia siku ya tano."

"Ulizichota wapi?"

"Kwenye pipa la nyumbani."

Akasimama. Hakunigeukia. "Nilikuja pale nje," akasema. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema umemaliza."

"Nilisema."

Nilimngoja anipige. Nilitamani anipige, mwanangu, nilikuwa nimevua hata kofia. Yeye alilaza jembe chini taratibu, mpini kando ya tuta, asiiponde mimea. Akafuta viganja kwenye suruali. Akaenda kwenye ua, akachukua sweta, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mkewe alitoka mlangoni na birika.

"Baba Paulina! Chai!"

Alipita mbele yangu karibu kabisa, nikasikia pumzi yake. Akashika njia inayopanda kwenda barabarani. Tulidhani anakwenda dukani. Mkewe alimwita tena, kisha akaniuliza mimi amekwenda wapi, nikasema sijui, na safari hii nilikuwa nasema kweli. Alipofika juu kwenye kona hakugeuka nyuma, na hatukumwona tena.